Kompaila na kihariri: Hatua ya kwanza ya mwanafunzi wa programu Unguja

Kijana anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta kisiwani Unguja, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kule Tunguu, wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni, au mtu anayejisomea mwenyewe nyumbani Mji Mkongwe kwa kompyuta mpakato iliyotumika aliyoinunua Darajani, hukutana na swali moja kabla hajaandika hata mstari mmoja. Aandikie wapi, na kitu gani kitakachoyageuza maandishi yake kuwa programu inayofanya kazi?

Swali hilo huonekana dogo, na walimu wengi hulipitia kwa dakika tano za kipindi cha kwanza. Hata hivyo, ndipo safari nyingi zinapokwama. Mwanafunzi anaweza kumaliza kifurushi cha intaneti cha wiki nzima akipakua programu asiyoihitaji, akakaa siku tatu akipambana na ujumbe asiouelewa, na mwishowe akajihesabu kuwa hana kipaji, ilhali tatizo halikuwa yeye bali zana aliyoichagua. Kwa kisiwa ambacho tangu mwaka 2022 kimekuwa kikijitangaza kuwa kitovu cha kampuni za teknolojia kupitia mpango wa Silicon Zanzibar, vijana wanaokata tamaa kwa sababu hiyo ni hasara inayoweza kuepukwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba zana zote zilizo bora kwa mwanafunzi hupatikana bila malipo na kwa njia halali. Gharama yake haimo katika leseni. Imo katika data za kupakulia, nafasi ya diski, na saa ambazo mtu hupoteza akisakinisha kitu kisichokuwa chake.

Kihariri ni programu ya kuandikia. Hufanana na daftari: hupokea herufi, huzihifadhi katika faili, na kilicho kizuri huzipaka rangi ili maneno maalumu ya lugha yatofautiane na maandishi mengine, huhesabu mistari na huonesha mabano yasiyofungwa. Kihariri hakijui kuendesha programu. Kompaila ndiyo inayosoma maandishi hayo, ikakagua sarufi yake, kisha ikayageuza kuwa maagizo ambayo kichakato cha kompyuta hukielewa. Zipo pia programu zinazounganisha vyote viwili, pamoja na zana za kutafutia makosa, katika dirisha moja. Hizi huitwa mazingira unganishi ya uandishi wa programu, nazo Code::Blocks ni mfano wake.

Kuchanganya vitu hivi viwili ndilo kosa linalowasumbua wanaoanza kuliko jengine lolote. Mtu husakinisha kihariri cha Visual Studio Code, huandika programu yake ya kwanza ya lugha ya C, hubonyeza kitufe cha kuendesha, na hujibiwa kwamba hakuna kompaila iliyoonekana. Hapo hudhani kompyuta ni mbovu. Kompyuta ni nzima. Alichonunua ni daftari, naye anasubiri daftari hilo lifasiri.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina maneno mawili yanayosaidia kulielewa suala hili. Mfasiri hukaa na kitabu kizima, akakifasiri chote, kisha akamkabidhi msomaji kitabu kipya ambacho hakimhitaji tena mfasiri. Mkalimani husimama baina ya mtembeza wageni na watalii pale Ngome Kongwe, akageuza kila sentensi inapotamkwa, na akiondoka mazungumzo hukatika. Kompaila ya C ni mfasiri. Python, kwa upande mwengine, hufanya kazi kwa namna ya mkalimani: anayetaka kuendesha programu ya Python lazima awe na Python yenyewe katika kompyuta yake. (Kwa undani, Python nayo hupitia hatua fupi ya kufasiri ndani kwa ndani, lakini mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hana haja ya kulihangaikia hilo.)

Kazi ya ufasiri wa aina hii si ngeni. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitayarisha mfumo ulioitwa A-0, ambao wanahistoria wengi huuhesabu kuwa kompaila ya kwanza. Lugha ya C ilitoka katika maabara za Bell mwaka 1972 kwa mkono wa Dennis Ritchie. Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la GCC, kompaila huria ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika mifumo endeshi ya Linux, na ambayo mwanafunzi wa Unguja huipata ileile anayoitumia mhandisi wa kampuni kubwa ng'ambo. Mpinzani wake mkuu, Clang, umejengwa juu ya mradi wa LLVM ulioanzishwa na Chris Lattner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Python ilitolewa na Guido van Rossum wa Uholanzi mwaka 1991.

Kwa hiyo lugha ndiyo huamua zana, si kinyume chake. Mwanafunzi ambaye mtaala wake umetaja C au C++ atahitaji GCC au Clang. Anayejifunza mwenyewe, asiyebanwa na mtaala, hupata wepesi zaidi akianza na Python, kwa kuwa kifurushi kimoja humpa lugha na kihariri chake kidogo kinachoitwa IDLE. Aidha ipo Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia mahususi kwa wanaoanza. Hii huja na Python ndani yake, na huonesha hatua kwa hatua thamani ya kila kigeugeu inavyobadilika programu inapoendeshwa. Kwa mwalimu wa skuli mwenye maabara ya kompyuta chache, Thonny inastahili kufikiriwa kabla ya kitu chengine.

Umuhimu wa kompaila nzuri huonekana vyema kwa mfano. Chukua tatizo ambalo kila Mzanzibari hulitatua kichwani bila kufikiri: tiketi ya boti ya kwenda Dar es Salaam imeandikwa 07:00, naye humwambia mwenziwe kuwa boti inaondoka saa moja asubuhi. Hesabu yake ni kuongeza sita, kisha kuchukua baki baada ya kugawa kwa kumi na mbili. Na baki likiwa sifuri, jibu ni saa kumi na mbili. Kwa lugha ya C mwanafunzi anaweza kuandika hivi:

#include <stdio.h>
int main(void) {
    int saa, jibu;
    scanf("%d", &saa);
    jibu = (saa + 6) % 12;
    if (jibu = 0) jibu = 12;
    printf("Saa %d\n", jibu);
    return 0;
}

Programu hii ina kosa moja, na ni kosa ambalo jicho la mgeni haliwezi kuliona. Katika mstari wenye neno "if" imetumika alama moja ya usawa badala ya mbili. Kwa C, alama moja maana yake ni "weka", na alama mbili maana yake ni "je, ni sawa na". Programu badala ya kuuliza iwapo jibu ni sifuri, inaliweka jibu kuwa sifuri. Matokeo yake, mtu akiingiza 7 ataambiwa saa 0, akiingiza 13 ataambiwa saa 0, na akiingiza saa yoyote nyengine ataambiwa hivyohivyo.

GCC ikiamrishwa kuifasiri programu hiyo bila maelekezo zaidi, itaifasiri kimya. Haitasema neno, kwa kuwa kisarufi sentensi hiyo inakubalika katika C. Mwanafunzi akiongeza alama ya -Wall katika amri yake, yaani

gcc saa.c -Wall -o saa

kompaila ileile itatoa onyo na kutaja mstari wenye mashaka. Clang hutoa onyo hilo hata bila kuombwa. Python haikubali kabisa: ukiandika alama moja ya usawa baada ya "if", programu haianzi, na mwanafunzi huelekezwa mahali penye kosa papo hapo. Tofauti baina ya mtu aliyelala na tatizo hilo usiku kucha na yule aliyelimaliza kwa dakika moja ni herufi tano. Ndiyo sababu ushauri wa kuwasha maonyo yote tangu siku ya kwanza una uzito kuliko mabishano marefu kuhusu kompaila ipi ni bora. GCC na Clang zote zinamfaa anayeanza.

Suala la usanifu nalo halikwepeki. Watu wa Unguja wanaijua hadithi hii kwa upande wa lugha yao: lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 ikawepo kamati ya kusimamia maandishi ya vitabu vya Afrika Mashariki ili kitabu kilichochapwa mji mmoja kisomeke mji mwengine. Lugha za kompyuta zimepitia njia hiyo. C ilipata kiwango chake rasmi cha kwanza mwaka 1989 na C++ mwaka 1998. Kabla ya hapo kila kompaila ilikuwa na lahaja yake.

Athari yake kwa mwanafunzi wa leo ni ya moja kwa moja. Vitini vingi vinavyozunguka kwa kunakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka viliandikwa kwa ajili ya Turbo C++ ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1990, kabla ya kiwango hicho. Ndani yake mna mistari kama #include <iostream.h> na #include <conio.h>. Mwanafunzi akiinakili mistari hiyo katika kompaila ya kisasa atakataliwa, kwa sababu C++ sanifu huandika <iostream> bila herufi h ya mwisho, na conio.h haimo katika kiwango chochote. Wapo wanaolitatua tatizo hilo kwa kuitafuta Turbo C++ yenyewe na kuiendesha ndani ya programu inayoigiza mfumo wa DOS. Hilo ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha gari ambalo halipo tena barabarani. Kilicho sahihi ni kubadilisha kitini. Dev-C++, ambayo bado hupendwa vyuoni kwa wepesi wake, ina tahadhari kama hiyo: toleo la zamani la 4.9.9.2 ni la mwaka 2005, na anayelikuta katika flashi ya mwenziwe asilitumie, kwani limebeba kompaila ya enzi hizo.

Uchaguzi wa zana hutegemea pia kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika huwa na umri wa miaka kumi au zaidi, na baadhi yake bado zina Windows 7. Mwenye kompyuta ya namna hiyo afahamu mipaka miwili. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Akipakua iliyo mpya zaidi, kisakinishi kitamkatalia. Visual Studio Code nayo iliacha kuihudumia Windows 7 baada ya toleo la 1.70. Windows 10 yenyewe ilifikia kikomo cha huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta dhaifu, njia yenye unafuu ni kuweka Linux nyepesi, mathalani Linux Mint yenye mandhari ya Xfce, ambamo Python huwa tayari imo, na GCC pamoja na wenzake huingia kwa amri moja:

sudo apt install build-essential

Kwa wanaobaki na Windows, njia ni ndefu kidogo, kwa kuwa Windows haiji na kompaila ya C. Rahisi kuliko zote kwa anayeanza ni Code::Blocks, kwa sharti la kuchagua kisakinishi ambacho jina lake lina neno "mingw", maana hicho ndicho chenye GCC ndani. Ukubwa wake ni karibu megabaiti 150. Kisakinishi kisicho na neno hilo ni chepesi na huvutia wenye kifurushi kidogo, lakini huleta kihariri kitupu. Wengine huelekezwa MSYS2, ambayo hutoa GCC iliyo mpya na hufaa kwa muda mrefu, ila huhitaji data zaidi na hatua ya kuiambia Windows mahali kompaila ilipo kupitia kigeugeu cha PATH. Hatua hiyo ikirukwa, dirisha la amri litajibu kwamba haliifahamu gcc, hata kama imesakinishwa vizuri kabisa.

Tahadhari nyengine ni ya majina. Visual Studio na Visual Studio Code zote ni za Microsoft, lakini ni vitu viwili. Ya kwanza ni mazingira makubwa yenye kompaila yake, na ikisakinishwa pamoja na sehemu za C++ hula gigabaiti kadhaa. Ya pili ni kihariri tu, cha takriban megabaiti 100. Aliyekusudia ya pili akaibonyeza ya kwanza hugundua kosa lake kifurushi kinapokwisha.

Kwa upande wa vihariri, upendeleo ni wa mtu na mjadala wake hauna mwisho duniani kote. Visual Studio Code, iliyotangazwa mwaka 2015, imeenea mno na ina viongezi vya karibu kila lugha. Kwa mwenye kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4 itafanya kazi, ingawa pamoja na kivinjari kilichofunguliwa kurasa nyingi kompyuta itaanza kulemewa. Kwa mwanafunzi, jambo la busara ni kuweka kiongezi kimoja tu cha lugha anayojifunza na kuzima kwa miezi ya mwanzo huduma za akili mnemba zinazomalizia msimbo, kwani anayemaliziwa kila sentensi hajifunzi kutunga. Notepad++, inayopatikana kwa Windows tangu 2003, haifiki megabaiti 10 na hutosha kabisa kuandikia. Geany ni nyepesi vilevile, ipo kwa Windows na Linux, na ina vitufe vya kufasiri na kuendesha, mradi kompaila iwepo.

Kipo pia kihariri chenye uhusiano wa pekee na eneo hili la Afrika, ingawa wengi wanaokitumia Zanzibar hawaujui. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, mhandisi wa Kiholanzi. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa vibaya na UKIMWI na watoto wengi walikuwa wamefiwa na wazazi. Aliporejea Uholanzi alianzisha taasisi ya kukisaidia kituo hicho, iliyoitwa ICCF, na badala ya kukiuza kihariri chake aliwaomba watumiaji wachangie huko. Hadi leo anayefungua Vim bila faili hukutana na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda, na akiandika :help uganda husoma habari za Kibaale. Moolenaar alifariki dunia Agosti 2023. Programu yake imo katika takriban kila seva ya Linux duniani.

Pamoja na hayo, Vim si kihariri cha siku ya kwanza. Vitufe vyake hufanya kazi kwa hali mbili, ya kuandika na ya kuamrisha, na mgeni huweza kushindwa hata kutoka ndani yake (hubonyezwa Esc, kisha huandikwa :q! na kubonyezwa Enter). Mwanafunzi anayetarajia kazi ya kusimamia seva atalazimika kuijua. Basi aifunze mwezi wa tatu au wa nne, akiwa tayari anaandika programu.

Wapo wasio na kompyuta kabisa, na kwao simu janja ya Android si kikwazo kama inavyodhaniwa. Programu ya Termux hufungua dirisha la amri la Linux ndani ya simu, na kwa amri ya pkg install clang au pkg install python mtu hupata kompaila kamili au Python kamili, akaandikia kwa nano au Vim. Baada ya kupakua mara moja, kazi yote hufanyika bila intaneti. Kuandika mabano kwa kibodi ya kioo huchosha, hilo halina ubishi, lakini kibodi ndogo ya waya au ya Bluetooth hulipunguza tatizo. Kompaila za mtandaoni, zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, hufaa kwa kujaribu mistari michache. Kwa kazi ya kila siku huhitaji mtandao muda wote, na mtandao ukikatika mwanafunzi husimama.

Mazoea ya kugawiana visakinishi kwa flashi yana faida ya kuokoa data na hatari ya kusambaza virusi. Palipo na darasa au kikundi, njia salama ni mmoja kupakua kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji, kukagua kwa programu ya ulinzi, kisha kuwagawia wenziwe nakala ileile. Programu huria kama GCC, Python, Geany na Code::Blocks zinaruhusu kugawiwa hivyo kisheria. Programu za kulipia zilizovunjwa kinga ni habari nyengine: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na zaidi ya sheria, programu iliyovunjwa kinga ni mlango mpana wa kuingizia programu haribifu. Kwa kuwa kila anachokihitaji mwanafunzi kipo bure, hana sababu ya kuufungua mlango huo.

Umeme nao lazima uingie katika hesabu. Zanzibar haijasahau Mei 2008, kisiwa cha Unguja kilipokosa umeme kwa karibu mwezi mzima, wala giza lililoanza Desemba 2009 na kuendelea hadi Machi 2010 baada ya hitilafu ya waya wa chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100 uliofika Ras Fumba kutoka Ras Kiromoni ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikabadilika, lakini katizo la dakika chache lingali linatosha kufuta kazi ya asubuhi nzima kwa anayetumia kompyuta ya mezani au mpakato yenye betri iliyochoka. Kihariri kizuri husaidia hapa. Visual Studio Code ina chaguo la kuhifadhi kila mara, ambalo halijawashwa tangu awali na ni vyema liwashwe; Vim huweka faili ya akiba pembeni inayoweza kurejeshwa kwa amri ya vim -r. Notepad ya kawaida ya Windows ya zamani haina kinga yoyote ya aina hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya kutoitumia.

Suala la lugha ya ujumbe wa hitilafu bado ni gumu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na walithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Kompaila, hata hivyo, huzungumza na mwanafunzi wetu kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mkato. Walimu waliozoea hili huwapa wanafunzi orodha ya ujumbe kumi hivi unaojirudia pamoja na maana yake kwa Kiswahili: nukta mkato imekosekana kabla ya neno fulani, kigeugeu hakijatangazwa, faili haikuonekana, mabano hayakufungwa. Orodha hiyo ikibandikwa ukutani huokoa muda mwingi wa mwalimu.

Siku ya kwanza ina mitego yake midogo ambayo haihusiani na programu yenyewe. Windows huficha viendelezi vya majina ya faili, kwa hiyo mtu huhifadhi saa.c na kumbe imehifadhiwa saa.c.txt, na kompaila hukana kuiona. Dawa yake ni kuwasha uoneshaji wa viendelezi katika mipangilio ya folda. Jina la folda lenye nafasi baina ya maneno, kama "kazi zangu", huvuruga amri zisizowekewa alama za kunukuu, hivyo huandikwa kazi_zangu. Na faili ikirekebishwa bila kuhifadhiwa, kompaila itafasiri ile ya zamani.

Anayekwama na kuomba msaada, iwe kwa mwalimu au katika kikundi cha wanafunzi wenziwe, atasaidiwa haraka akitaja mambo matatu: mfumo endeshi wa kompyuta yake, amri aliyoiandika neno kwa neno, na ujumbe wa kwanza wa hitilafu ulionakiliwa kama maandishi badala ya kupigwa picha. Ujumbe wa kwanza ndio wa kushughulikiwa. Nukta mkato moja iliyosahaulika juu ya faili huweza kuzaa mistari ishirini ya malalamiko chini yake, na ikishawekwa mahali pake, yote ishirini huondoka.